Kuandika maisha ya mama na koko (bibi) aliyekuwa fundi wa mikono na mtu wa sala: mwongozo kamili kwa familia za Goma

Katika familia nyingi za Goma, maisha ya mama huandikwa usiku mmoja kati ya kifo na maziko, watu wakiwa wamejaa uani, simu zikilia na pesa za jeneza zikitafutwa. Karatasi inayosomwa kesho yake huwa na mahali alipozaliwa, majina ya watoto, idadi ya wajukuu, muda wa ugonjwa, na sentensi inayosema kwamba alikuwa mcha Mungu na mwenye upendo kwa wote. Hakuna uongo ndani yake, lakini jirani angeweza kubadilisha jina na kuisoma tena kwa ajili ya mama mwingine. Mwongozo huu unahusu kazi ya baadaye: kijitabu ambacho familia hukitayarisha kwa utulivu, kati ya maziko na siku ya kuondoa matanga, au hata miaka mingi baada ya hapo. Unamfaa zaidi yule ambaye mama yake bado yu hai, kwa kuwa hakuna shahidi anayemzidi mwenye maisha yenyewe.

Ninashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: imani ya mama na ubunifu wake havielezwi kwa sifa, bali kwa vitu alivyovitengeneza na matendo aliyoyarudia. Kwa hiyo hatua zinazofuata zimepangwa ili kutafuta vitu na matendo hayo kabla hayajapotea.

Hatua ya kwanza: kumteua mwandishi na kupata ruhusa

Mwandishi awe mmoja, asaidiwe na wawili. Kazi ya watu kumi huishia katika mazungumzo. Si lazima awe mzaliwa wa kwanza. Awe mtu mwenye subira, anayeandika vizuri na asiyependelea upande wowote wa familia. Hata hivyo ni lazima baba mkubwa, shangazi au mkubwa yeyote anayesemea ukoo ajulishwe mapema, atoe baraka yake mbele ya wengine, na aelezwe kwamba atasoma maandishi kabla hayajachapwa. Ukiruka jambo hili, mlango wa wazee utafungwa, na wao ndio wenye habari za utoto wa mama ambazo nyinyi watoto hamzijui.

Hatua ya pili: kujenga kalenda ya maisha

Wengi wa mama zetu hawakuwa na tarehe kamili ya kuzaliwa, au walikuwa na tarehe tatu tofauti katika karatasi tatu. Usianze kwa kuuliza mwaka. Uliza ni tukio gani lililokuwa likitokea, kisha uutafute mwaka wenyewe. Bahati yetu, kama inaweza kuitwa bahati, ni kwamba ardhi ya Goma na historia ya nchi vimetuachia alama ambazo hakuna aliyezipitia akazisahau.

Kwa koko wa zamani sana, anza na mlipuko wa volkano ya Nyamulagira wa miaka ya 1938 hadi 1940, ambao lava yake ilifika ziwani upande wa Sake. Kwa wanaofuata, vita vya Hitler na wanaume waliochukuliwa uaskari. Kisha kuna uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 10 Januari 1977 ulipita kwa muda mfupi tu, lakini aliyekuwa akiishi pande za kaskazini ya mji atakuambia alikuwa amembeba mtoto gani mgongoni, na hapo utajua mtoto huyo alizaliwa lini. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na za zaire kumi hazina thamani tena. Mama aliyekuwa akiuza vitambaa au unga na kuficha akiba yake nyumbani hawezi kuisahau Noeli ile. Wakimbizi wa Rwanda walifika Julai 1994, wakafuatwa na kipindupindu. Vita vya kwanza vilikuja 1996, vya pili Agosti 1998. Lava iliingia katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Mlipuko mwingine ulikuja tarehe 22 Mei 2021, na vita viliingia mjini mwishoni mwa Januari 2025.

Chukua karatasi ndefu, uigawe safu mbili. Upande wa kushoto andika matukio haya, upande wa kulia andika yale ya nyumbani: ndoa, watoto, nyumba ya kwanza, cherehani ya kwanza, ubatizo, kazi aliyopewa kanisani. Penye shaka andika “kabla ya 1977” au “kati ya 1964 na 1967”, wala usiweke mwaka wa kubahatisha kwa sababu tu unapendeza machoni.

Kuna matukio mengine yanayomhusu mama wa kanisa zaidi ya wengine. Mwaka 1970 madhehebu ya Kiprotestanti yaliunganishwa chini ya Kanisa la Kristo, kwa hiyo kadi yake ya ubatizo inaweza kuwa na jina la zamani la jumuiya yake. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na mwaka 1974 Noeli ilifutwa kama sikukuu ya taifa. Muulize, au waulize wenzake, walivyoisherehekea Noeli ile iliyoangukia siku ya kazi. Kwa Wakatoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa 1962 hadi 1965, Misa ilianza kusomwa katika lugha za watu. Msichana aliyekariri nyimbo za Kilatini bila kuzielewa, kisha akasimama kuimba kwa Kiswahili mbele ya wazazi wake, ana jambo la kusimulia ambalo hakuna kitabu kitakalokupa.

Hatua ya tatu: karatasi

Tafuta kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya mchaguzi, kadi za kliniki za watoto na vitabu vya shule. Mama akiwa Mkatoliki, nenda parokia alikobatizwa na uombe kwa adabu kuangalia rejista. Rejista ya ubatizo haionyeshi ubatizo peke yake: kwa desturi ya Kanisa, kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa jina lile lile, hata kama vilifanyika parokia nyingine. Mstari mmoja wa rejista unaweza kukupa wazazi wake, msimamizi wake, mwaka wa ndoa na mahali ilipofungwa.

Mtafute kwa majina yote. Kwa sababu ya sheria ya 1972, mtu aliyebatizwa kwa jina la mtakatifu anaweza kuonekana katika karatasi za serikali za miaka ile kwa jina la ukoo tu, na baada ya 1990 akarudi kuandikwa kwa yote mawili. Majirani nao walimjua kama “Mama” wa mzaliwa wake wa kwanza. Andika majina hayo yote katika ukurasa wa mwanzo wa kijitabu.

Kuna familia ambazo karatasi zao na picha zao zote ziliteketea mwaka 2002. Hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa na lava. Msikate tamaa. Picha za harusi zilitolewa kwa ndugu wa mbali, Rutshuru, Masisi, Bukavu, na mara nyingi ziko ndani ya albamu ambayo hakuna aliyeifungua. Tuma ujumbe kwa kila tawi la ukoo, ukitaja unachotafuta: si “picha za mama” kwa jumla, bali “picha ya ubatizo wa yaya” (dada au kaka mkubwa) au “picha ya kwaya wakiwa wamevaa sare”. Mtu akielezwa kitu halisi, anajua sanduku la kufungua.

Hatua ya nne: kazi za mikono yake

Hapa ndipo ninapoomba mkae muda mrefu, kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapopoteza zaidi. Baada ya matanga, vikwembe (vitenge) vya mama hugawanywa kwa mabinti, dada zake na wakwe, na vitambaa alivyovifuma kwa krosheti kufunika viti vya sebuleni huchukuliwa na kila anayetaka ukumbusho. Desturi ya kugawa ni njema na iendelee. Lakini kabla ya siku ya kugawa, tandikeni kila kitu juu ya shuka jeupe, karibu na dirisha ambako jua haliingii moja kwa moja, na kukipiga picha: kwanza kizima, kisha kwa karibu, na rula au sindano pembeni ili ukubwa ujulikane. Andikeni kitu ni nini, alikitengeneza kwa ajili ya nani, wapi alipata nyuzi, na nani anakichukua. Hivyo mkitaka siku moja kuvikusanya tena, mtajua vilipo.

Vikwembe vya sherehe vichunguzwe peke yake. Vile vya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, vya jubilei ya parokia, vya kupadirishwa kwa kijana wa mtaa, mara nyingi huwa na mwaka uliochapwa juu yake. Ukivipanga kwa miaka, unaona mama alikuwa katika chama gani, na lini.

Uliza alijifunza wapi. Wasichana wengi wa wakati wa Wabelgiji na miaka iliyofuata walifundishwa kushona, kufuma na kupika katika foye za kijamii (vituo vya kuwafundishia wanawake) au kwa masista. Wengine walijifunza kusuka vikapu na mikeka kwa mama zao. Uliza pia alichokibadilisha baada ya kujifunza, kwa sababu hapo ndipo ubunifu unapoonekana: rangi alizozichanganya kinyume cha desturi, pindo alilolibuni mwenyewe, jinsi alivyofumua sweta za mitumba ili kupata sufu wakati nyuzi zilipokosekana sokoni. Kisha fanyeni jambo ambalo picha haiwezi kulifanya. Mjukuu mmoja akae na mama yeyote aliyefuma pamoja naye, ajifunze ule mtindo, na afume kipande kidogo cha mfano. Kipande hicho kibandikwe kwa uzi, si kwa gundi, ndani ya nakala ya kwanza ya kijitabu. Mtindo ulio ndani ya vidole vya mtu hai unaweza kuendelea. Ulio katika picha peke yake unaangaliwa tu.

Kama alitunga nyimbo, zirekodini mara mbili: mara ya kwanza wimbo ukiimbwa wote bila kusimamishwa, na mara ya pili maneno yakisemwa polepole ili yaandikwe. Waiteni wenzake wa kwaya waimbe wote, kwa sababu aliyezoea sauti ya pili peke yake huyumba akiimbishwa peke yake. Mkipata mashairi mawili yanayotofautiana, yaandikeni yote mawili. Msisahihishe Kiswahili chake.

Hatua ya tano: imani yake

Sentensi “alikuwa mtu wa sala” iondolewe kila inapotokea, na mahali pake pawekwe jibu la maswali haya. Aliamka saa ngapi kusali? Alisali kwa sauti au kimya? Alitaja majina ya nani? Alifunga siku gani? Kanisani alikaa upande gani, na karibu na nani? Alipopata pesa za kwanza za juma alizigawaje? Aliwatembelea akina nani: wagonjwa wa shirika lake (jumuiya ndogo ya Kikristo), wafungwa wa gereza la Munzenze, wajane wa kambini? Nani alikula kwake bila kuwa ndugu? Mjukuu akikumbuka maneno hasa ambayo koko alimwambia kabla ya mtihani, maneno yale yaandikwe jinsi yalivyo.

Biblia yake ishikwe kwa uangalifu. Mistari iliyopigwa wino, tarehe zilizoandikwa pembeni, kadi za maziko na picha ndogo zilizowekwa kati ya kurasa, vyote vina maana kwa sababu ya ukurasa vilipo. Msivitoe vyote kwa pamoja na kuvirundika. Pigeni picha ya kila ukurasa kitu kikiwa bado mahali pake, ndipo mkiinue.

Kuna mambo magumu, na kijitabu kinachoyakwepa hakitaaminiwa na waliomjua. Huenda aliacha kanisa alimobatizwa akajiunga na kanisa la uamsho, na familia ikagawanyika juu ya hilo. Huenda baada ya kumzika mtoto alikaa miezi asiimbe. Andikeni yaliyotokea, kwa maneno machache na bila kuhukumu. Mwacheni yeye mwenyewe aeleze sababu ikiwa aliwahi kuieleza, na kama hakueleza, msimbunie moja. Kuhusu vita, tofautisheni nakala ya kanisani na nakala ya familia. Majina ya waliotenda maovu, na ya waliowaficha wengine, yanaweza kuwaletea hatari walio hai. Yawekwe katika nakala ya nyumbani tu, au yasubiri.

Hatua ya sita: kuwasikiliza mashahidi

Anza na mwenye umri mkubwa zaidi. Simu inatosha kurekodi, ikiwa imewekwa juu ya kitambaa, umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa msemaji, mtandao ukiwa umezimwa ili mtu asipige katikati. Mvua ya Goma juu ya mabati hufuta sauti ya mzee kabisa, kwa hiyo chagua asubuhi, na ukae mbali na jenereta. Mwanzoni sema tarehe, mahali na jina la anayezungumza, kisha umwombe ruhusa nayo isikike.

Usiulize “alikuwa mama wa namna gani?”, maana utajibiwa sifa tu. Uliza: “Mlikutana naye wapi mara ya kwanza, na alikuwa akifanya nini?” Mpelekee kitambaa au picha aishike mkononi. Akinyamaza, nyamaza naye. Mara nyingi jambo zito hufuata kimya hicho. Akihamia Kihunde, Kinande au Kinyarwanda, usimrudishe kwenye Kiswahili. Tafsiri itafanywa baadaye, na maneno yake ya asili yatabaki pembeni.

Walio mbali watume ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Uhifadhi kila ujumbe nje ya programu siku hiyo hiyo, kwa sababu simu ikibadilishwa au kuibwa, kila kitu hupotea. Picha nazo zitumwe kama faili la hati, si kama picha ya kawaida, la sivyo hupunguzwa ubora. Ujue kwamba kuandika saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi, basi gaweni kazi hiyo kwa wajukuu.

Hatua ya saba: kuandika

Andika kwanza toleo refu, ndipo ulitoe fupi ndani yake. Anza mahali palipo na nguvu. Si lazima iwe kuzaliwa. Kila sura ndogo ibebwe na kitu kimoja au tendo moja. Linganisha. Aya ya kawaida husema: “Mama alikuwa mchapakazi, mkarimu na mwenye kipaji cha kufuma.” Aya iliyofanyiwa kazi yaweza kusema: “Mama alifuma baada ya sala ya usiku, kwa taa ya mafuta, akitumia sufu aliyoifumua kutoka sweta kuukuu. Kila mtoto aliyezaliwa katika shirika letu alipata kofia kutoka kwake, hata yule ambaye wazazi wake hawakuwa wakisalimiana nasi.” Aya ya pili haina sifa hata moja, na msikilizaji ataitoa mwenyewe.

Toleo fupi lisizidi ukurasa mmoja na nusu wa A4, na lisomwe kwa sauti ukiangalia saa. Katika Misa ya mazishi ya Wakatoliki, neno la familia kwa kawaida huja baada ya komunyo, kabla ya sala ya kumuaga marehemu, na homilia hubaki kuwa kazi ya padri. Makanisa mengine yana utaratibu wao. Muulize kiongozi mapema ni dakika ngapi mmepewa. Msomaji awe mtu ambaye sauti yake haitakatika, na mwingine akae karibu naye akiwa na nakala.

Hatua ya nane: kusahihisha, kuchapa na kuhifadhi

Wasomaji watatu wanatosha: mkubwa wa ukoo kwa ajili ya majina na nasaba, mtu wa kanisa lake kwa ajili ya mambo ya imani, na mjukuu mmoja, ili ijulikane kama anaelewa. Majina ya watoto waliofariki wadogo yasiachwe.

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa igawanyike kwa nne. Kurasa 24 ni karatasi sita zilizofungwa kwa pini. Herufi ziwe za ukubwa wa 14 kwa ajili ya wazee. Picha za zamani zipigwe skani kwa nukta 300 kwa inchi, ndogo sana kwa 600. Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu, na usizifunike kwa plastiki ya moto wala kuzibandika kwa selotepu. Vitambaa vifuliwe, vikaushwe vizuri, vizungushwe badala ya kukunjwa, na vihifadhiwe ndani ya shuka la pamba, kwa kuwa mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani.

Nakala za kidijitali ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya Goma. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, wakazi wa mitaa kumi waliamriwa kuhama mara moja, na wengi walitoka na walichoweza kubeba tu, kuelekea Sake, Rutshuru au ziwani kwenda Bukavu. Kadi ndogo ya kumbukumbu yenye picha, sauti na maandishi yote ikae daima ndani ya mfuko ule ule wenye kadi za wachaguzi na vyeti vya shule, na kila mtu nyumbani ajue ulipo.

Acheni kurasa nne tupu mwishoni mwa kila nakala. Kijitabu kikisomwa siku ya kuondoa matanga, lazima atatokea mama fulani wa sokoni au wa kwaya akisema kwamba mwaka ule haukuwa ule, au kwamba wimbo fulani ulitungwa kwa sababu nyingine. Maneno yake yaandikwe pale pale, pamoja na jina lake na tarehe, kisha yafikishwe kwa mwandishi kwa ajili ya toleo la pili. Toleo hilo liwe na namba na mwaka juu ya jalada, ili lisichanganywe na la kwanza.